Muulize Bibi Maendeleo: "Tulianza 23, tumebaki sita"

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto watatu na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku Rombo. Mwaka jana mwezi wa saba, mvulana wa darasa la sita alikutwa amelala mgombani saa nne asubuhi, sare mwilini, kichupa cha pombe kali mfukoni. Wiki ileile tukaitana: wazazi, walimu, katekista, sheikh, mwenyekiti wa kitongoji, vijana wa bodaboda. Tulikuwa 23, tukaanzisha umoja wa kuwakinga watoto na pombe, nikachaguliwa katibu. Kikao cha pili tulikuwa 15, cha tatu tisa, sasa tumebaki sita, na wawili kati ya hao sita ni mimi na mume wangu. Maduka bado yanauza. Mjumbe mmoja wa halmashauri ya kijiji mwenyewe ana kilabu. Tunafikiria kuomba mgambo wafanye msako kabla ya Desemba, watu wakirudi nyumbani kwa sikukuu, "kuhesabiwa" kama tusemavyo. Tuendelee au tuvunje umoja? — Katibu asiye na muhuri, Rombo*

Marahaba, Katibu, na hongera kwa kubaki na mumeo. Wengine hata huyo humpoteza kwenye kikao cha pili.

Kabla sijakujibu nikiri jambo. Mimi nilisomeshwa na mbege, pombe yetu ya ndizi. Mama yangu alikuwa akipika kwa ajili ya siku ya soko: ndizi mbivu kwenye pipa, kimea cha ulezi kimeanikwa mkekani, gome la msesewe la kutia uchungu. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo, na viatu, na godoro la bweni. Mwonjaji wake nilikuwa mimi, nikiwa na miaka saba. "Onja uniambie kama imekolea." Nilikuwa naonja kwenye ncha ya kata, nasema bado, ili baadaye niitwe nionje tena. Hakuna aliyeona ajabu. Nimekuja kufanya kazi miaka 31 katika kata ile nyingine, ile yenye ofisi na bendera, nikihangaika na watoto walioanzia kwenye kata ya kwanza kama mimi.

Nakueleza haya kwa sababu naijua hotuba iliyotolewa kwenye kikao chenu cha kwanza. Mtu alisimama akasema wauza pombe ni maadui wa maendeleo. Watu wakapiga makofi. Na nusu ya akina mama waliokuwepo wakatazama chini, maana jikoni kwao kuna pipa. Hao ndio hawakurudi. Wengine hawakurudi kwa sababu walitegemea posho, hao usiwalilie. Lakini kundi kubwa, nina hakika, liliacha kuja kwa sababu lilipoondoka pale hakuna aliyekuwa amepewa la kufanya. Kulaani pombe mtu anaweza kulaani akiwa kwake amekaa kwenye kigoda. Hahitaji kupanda mlima jioni kwa ajili hiyo.

Sasa msako. Ufute.

Nimewahi kufanya msako. Ilikuwa enzi za viroba, pombe ya kwenye mfuko wa nailoni unaoingia kwenye soksi ya mwanafunzi. Tulichukua mgambo, tukazunguka maduka alfajiri, tukakusanya katoni, tukazichoma mbele ya ofisi ya kata, tukapiga picha za kuambatanisha na ripoti. Ripoti ilikuwa nzuri mno. Wiki haikuisha viroba vikawa vinauzwa dirisha la nyuma, bei imepanda kidogo kwa sababu ya hatari. Mama mmoja aliyedhaniwa ndiye aliyetoa taarifa aliamka akakuta migomba yake imefyekwa, mikungu michanga imetapakaa chini. Wala hakuwa yeye. Nilikwenda kumpa pole, akanipikia chai, hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenilaumu.

Kisha tarehe 1 Machi 2017 serikali ikapiga marufuku viroba nchi nzima, na kitu kilichotushinda miaka yote ile kikatoweka kwenye rafu kwa muda mfupi. Kwa hiyo sisemi sheria haina kazi. Marufuku yale yalifanya ambalo umoja wa kitongoji usingelifanya kamwe: kufunga mtambo wa kufungasha. Lakini mvulana wako wa mgombani alikuwa na kichupa, si kiroba. Pombe imebadili nguo. Na hakuna waziri atakayekuja kusimama Rombo kutazama ni dirisha gani linamfungulia mtoto saa ya mapumziko. Hiyo ndiyo kazi yenu nyinyi sita.

Fanya hivi. Nunua karatasi moja ya manila. Waite vijana wawili wa bodaboda, uwaambie wachore barabara kutoka getini mwa shule hadi nyumba ya mwisho anakotoka mwanafunzi, na wapige alama kila mahali panapopatikana pombe: duka, grosari, kilabu, na ile nyumba ambayo haina kibao lakini kila mtu anaijua. Watachora kwa dakika kumi, wao ndio wanaobeba wanywaji. Sisi tulipochora tulipata alama 11. Nikakata tamaa. Kisha mwalimu wa zamu na mama anayeuza maandazi getini wakatazama kwa wiki mbili, kimyakimya, bila kumhoji mtu. Kati ya 11, waliowauzia watoto walikuwa wanne. Kati ya wanne, waliouza saa za shule walikuwa wawili. Yaani balaa lililokuwa "la jamii nzima", lenye hotuba na mabango, lilikuwa madirisha mawili.

Tulimtuma nani? Si mwenyekiti, si mimi. Kwa dirisha la kwanza alikwenda mwanamke anayecheza kikoba pamoja na mwenye duka. Akakuta jambo ambalo halikuwemo katika ripoti yangu yoyote: saa za asubuhi mwenye duka huwa shambani, na anayeuza ni binti yake wa miaka 12. Watoto walikuwa wakiuziwa na mtoto mwenzao. Angewezaje kumkatalia kaka wa darasa la saba anayemtishia kumpiga njiani? Dawa yake ilikuwa kufuli. Mama akatengeneza kabati la pombe, funguo akawa anaondoka nayo. Haikugharimu umoja hata senti. Dirisha la pili lilikuwa gumu, mzee yule alitutukana mara mbili. Alilegea pale leseni yake ilipokaribia kwisha na afisa biashara akamuuliza swali moja tu kuhusu wanafunzi. Leseni ya vileo ina tarehe ya kwisha, Katibu. Ijue tarehe hiyo kwa kila alama iliyoko kwenye manila yako.

Kwa hiyo usiitishe kikao cha 23. Nenda kwa mmoja mmoja, umpe kazi ambayo asipoifanya yeye, itaonekana haijafanyika. Mwalimu: kila Jumatatu orodha ya watoro, ikabidhiwe kwa wajumbe wawili, isibandikwe ukutani. Bodaboda: wakubaliane kijiweni kwamba hawatatumwa na mwanafunzi kumnunulia. Vijana hao husemwa vibaya, lakini ukiwapa neno la kulishika hulishika kuliko wazee wengi ninaowafahamu. Sheikh: madrasa yake huwa na watoto jioni ambapo wenzao wanazurura, aulizwe kama uwanja wake unaweza kupokea mpira wa watoto wasio wake.

Na katekista nina kazi naye maalumu. Kipaimara. Nimehudhuria sherehe za kipaimara zisizo na idadi, na sijaelewa hadi leo. Mtoto wa miaka 14 amevaa nguo nyeupe, askofu amempaka krisma asubuhi, na saa nane mchana yeye ndiye anayezungusha kreti kwa wajomba. Usiku, masalia ya chupa anakusanya nani? Yeye na binamu zake. Mkiniuliza watoto wengi wa kwetu wameonja bia wapi kwanza, sitawapeleka grosari, nitawapeleka kwenye sherehe zao wenyewe. Sasa katekista ana wazazi wote wa wanafunzi wake mbele yake kwa miezi. Aombe jambo moja tu: vinywaji vya wakubwa vigawiwe na mkubwa, na meza ya watoto iwe na mtu mzima asiyekunywa siku hiyo. Asiombe sherehe kavu. Akiomba kavu watamcheka, na lile dogo watalitupa pamoja na kubwa.

Yule mjumbe mwenye kilabu usimkimbie. Mfuate asubuhi, kabla wateja hawajaanza kufika, ukiwa na mtu mmoja anayemheshimu. Usimwombe afunge. Mwombe sare isikae kwenye mabenchi yake, na mtoto anayetumwa na chombo arudishwe na chombo kitupu. Akikubali, amekuwa mwanachama kuliko hao waliopiga makofi. Ila siku kijiji kinajadili jambo la pombe, asiongoze kikao. Mwambie hilo mapema, mkiwa wawili, si mbele ya watu.

Muhuri unaoulilia upo. Chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ule tunaouita MTAKUWWA, kila kijiji kinatakiwa kuwa na kamati ya ulinzi wa mwanamke na mtoto. Muulize mtendaji wa kijiji kwenu ni akina nani. Huenda ni orodha iliyolala kwenye faili. Iamsheni: nyinyi sita mkiingia humo mnaacha kuwa kikundi cha mama fulani, mnakuwa kamati inayoripoti hadi kata na halmashauri, na afisa ustawi wa jamii hawezi kusema hawajui. Mkutano mkuu wa kijiji nao ni kila miezi mitatu. Mkishaelewana na wauzaji wengi, hapo ndipo mpeleke pendekezo la sheria ndogo: halmashauri ya kijiji iandike, mkutano mkuu uijadili, halmashauri ya wilaya iidhinishe. Mkiianza sheria kabla ya maelewano mtapata karatasi yenye muhuri na migomba iliyofyekwa.

Na mtoa taarifa asiandikwe jina popote, hata kwenye daftari lako. Kuna namba 116 ya kuripoti mambo ya watoto, haitozi pesa. Wafundishe watu hiyo, badala ya kuja kukunong'oneza wewe gizani.

Desemba itakuja. Magari kutoka Dar yatapanda mlima, mabuti yamejaa, na shangazi asiyeonekana mwaka mzima atamwambia mpwa wake, "Kunywa kidogo, umekuwa mwanaume." Huwezi kuisimamisha Desemba. Chagua usiku mmoja, ule wa tarehe 24 au wa mwaka mpya, wazazi wanane wenye tochi wapite barabara ile ya kwenye manila na kuwarudisha watoto nyumbani. Wasigombe, watembee tu. Kisha uniandikie mlikuwa wangapi.

*Bibi, shikamoo. Nina duka la vinywaji Moshi mjini. Mtoto anakuja na noti na chupa tupu: "Baba anasema umpe mbili." Baba namjua, jirani yangu, na nikikataa ananinunia. Je, hilo nalo ni kosa? — Mangi mwenye wasiwasi*

Marahaba. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Haikuandika "isipokuwa ametumwa na baba". Tena mara ngapi baba hakutuma? Mwaka wa kwanza chupa mbili ni za baba kweli. Wa pili moja ya baba, moja ya njiani.

Mpigie baba simu mtoto akiwa amesimama hapo: "Jirani, mzigo wako uko tayari, pita uchukue." Hujamkatalia, umemkaribisha. Akinuna mara tatu atazoea, maana duka la pili liko mbali na yeye ni mvivu, la sivyo asingemtuma mtoto. Bandika pia tangazo, lakini liandike kwa mkono wako na kwa jina la duka lako, "Hapa hatumpi mtoto pombe, hata ya kutumwa." Yale mabango yaliyochapwa watu hawayasomi.

*Hujambo Bibi. Niko Taveta, upande wa Kenya. Huku serikali imetoa sera mwaka 2025 inayopendekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka 18 hadi 21. Katika baraza la chifu wazee wamefurahi sana, wanasema sasa tatizo limekwisha na vikundi vyetu vya Nyumba Kumi, vya ulinzi wa majirani, havina haja tena ya kushughulika nalo. Waonaje? — Mwalimu mstaafu*

Sijambo, Mwalimu, na karibu kutoka ng'ambo ya mpaka. Waambie wazee wasikunje majamvi. Sheria yenu ya vileo ya 2010 imekwisha kusema 18, na imekwisha kusema baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto. Chukua kamba upime. Ukikuta mita 300 zinaheshimiwa Taveta nzima, nitakuja kuwapikia wazee pilau.

Sipingi 21. Marekani walifika huko kwa sheria ya 1984 iliyotishia kuyapunguzia majimbo fedha za barabara, na vifo vya vijana barabarani vilipungua. Lakini tazama Iceland, ambako umri ni 20. Mwaka 1998, miongoni mwa wanafunzi wao wa miaka 15 na 16, asilimia 42 walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita, na sheria ya umri ilikuwepo. Kufikia 2016 ilikuwa asilimia 5. Katikati hapo wazazi walianza kutembea mitaani usiku wa mwisho wa wiki, saa za watoto kuwa nje zikafuatwa kweli, fedha za umma zikaingia kwenye michezo na muziki, na kila shule ikawa inauliza watoto wake na kurudishiwa majibu yake yenyewe. Najua ni nchi ya baridi na ya pesa. Pesa sisi hatuna. Kutembea usiku barabarani tunaweza.

*Shikamoo Bibi. Nina miaka 17, nasoma kidato cha tatu Arusha. Mtaa wetu una kamati ya kuzuia watoto wasinywe. Wote ni wazee. Wamenifuata mara moja tu, wakanipa hela niende dukani nijaribu kununua pombe kali ili wamkamate muuzaji. Niliogopa, sikwenda. Nilikosea? Na je, mimi naweza kuwa mjumbe? — Kiungo mkabaji*

Marahaba, mjukuu wangu. Hukukosea. Ungekwenda, kesho yake muuzaji angekujua wewe, asingewajua wao. Mtoto hatumiwi kama chambo, na ukitumwa tena mwambie mwalimu wako wa malezi au piga 116.

Ujumbe unaweza, na nadhani kamati hiyo inakuhitaji zaidi kuliko unavyoihitaji. Ila usiende peke yako, kijana mmoja kati ya wazee kumi huishia kuagizwa soda. Nendeni watatu, msichana awepo, na mwende na jambo moja mnalolitaka nyinyi. Kwa kuwa umejiita kiungo mkabaji, nahisi nalijua. Kwenye kata yangu vijana walipoulizwa kwa mara ya kwanza wanataka nini, tulidhani watasema semina. Walisema uwanja una taa moja, imeungua tangu mvua za masika, na giza likiingia mahali pekee penye mwanga ni grosari.

Balbu ilinunuliwa na mwenye grosari. Alilalamika sana, lakini alinunua.